Elimu Haina Mwisho: Mkoa Mzima Waweza Kuwa Shule

Swali moja huulizwa mara kwa mara na watu waliokwisha kupita umri wa kwenda shule, na hasa na wale walioipokea dini wakiwa watu wazima, wakaona mbele yao mlima wa mambo ya kujifunza: "Mimi niliyekwisha kukomaa, nitaanzia wapi? Na nikianza, nitafika wapi?"

Swali hili si dogo. Ndani yake mna fikira kwamba elimu ni kazi ya utotoni tu, na kwamba mtu aliyeikosa wakati huo ameikosa milele. Katika somo hili twataka kuichunguza fikira hiyo. Tutaonyesha mambo matatu: kwanza, kwamba mtu mzima aweza kujifunza, na mara nyingi ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kujifunza; pili, kwamba mtu hajifunzi peke yake, bali hujifunza vema pale ambapo mji wake, kijiji chake na mkoa wake wote umegeuka kuwa shule; na tatu, kwamba watu wakiacha kujifunza, hata kile walichokipata hupotea. Mifano yetu mingi tutaichukua Tanzania, na zaidi mkoa wa Kagera, katika nchi ya migomba na kahawa iliyo kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako ndiko iliko Nshamba katika wilaya ya Muleba.

1. MAANA YA MJI UNAOJIFUNZA

Mwezi wa Oktoba 2013 wajumbe wa nchi nyingi walikutana Beijing, China, kwa mwito wa UNESCO, wakazungumza juu ya miji inayojifunza. Maana ya neno hilo, kwa ufupi, ni hii: mji au mkoa ambao hauiachii shule peke yake kazi ya kufundisha, bali hutumia kila kilichomo ndani yake, yaani nyumba, kazi, soko, maktaba, redio, zahanati na nyumba za ibada, ili kila mtu, mtoto kwa mzee, apate kujifunza siku zote za maisha yake.

Wako watakaodhani kwamba fikira hii ni mpya na ya kigeni. La hasha! Itazameni Madina ya zamani za Mtume Muhammad s.a.w. Mafungu ya kwanza ya ufunuo alioupokea, naye yu mtu wa miaka arobaini, yalianza kwa amri ya kusoma. Baada ya vita vya Badr, mwaka 624, wanahistoria wameandika kwamba wale mateka waliojua kuandika, wasiokuwa na mali ya kujikomboa, waliwekewa fidia ya kuwafundisha watoto kumi kumi wa Madina. Kadhalika, ubavuni mwa msikiti palikuwa na ukumbi wenye kivuli ulioitwa Suffa, ambapo maskini wasio na makao walikaa wakijifunza. Mmoja wao alikuwa Abu Huraira. Huyu alifika Madina akiwa mtu mzima, akakaa na Mtume s.a.w. kwa miaka michache tu. Lakini hapana sahaba mwingine aliyepokewa hadithi nyingi kuliko yeye. Basi anayesema, "Nimechelewa kuingia," na afikiri juu ya Abu Huraira.

2. TANZANIA ILIPOINGIA DARASANI

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwaka 1967 kiasi cha watu wazima wawili katika kila watatu wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Julius Nyerere alipoupokea mwaka mpya aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: watoto watachukua miaka mingi kabla ya kuugeuza uchumi wa nchi, lakini watu wazima ndio wanaolima, ndio wanaolea, na ndio wanaoamua leo. Mwaka 1971 chama cha TANU kiliazimia kwamba ujinga wa kutojua kusoma ufutwe ifikapo mwisho wa mwaka 1975.

Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao tangu 1979 waitwa Kagera, ulikuwa umekwisha kuanza. Tangu 1968 mpango wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO ulifanya kazi katika mikoa minne inayolizunguka ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, makao yake yakiwa Mwanza. Jambo la kuzingatia hapa ni namna ya ufundishaji wake. Mtu mzima hakupewa kitabu cha mtoto. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya pamba, mvuvi kwa maneno ya uvuvi, na mkulima wa migomba kwa maneno ya mgomba. Alipoweza kuisoma sentensi, sentensi hiyo ilimweleza jambo alilolihitaji shambani asubuhi ya pili yake. Kisha Mwanza likatoka gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, ili aliyehitimu asikose kitu cha kusoma.

Redio nayo ikawa mwalimu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni iliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi ya mbu. Angalia mpango huo, ndugu msomaji: kusikia, kuzungumza, kutenda. Elimu iliyokoma kwenye sikio haikuhesabiwa kuwa elimu.

Matunda yake yakaonekana. Wasiojua kusoma walishuka wakawa asilimia 39 mwaka 1975, asilimia 27 mwaka 1977, asilimia 15 mwaka 1983, na kufika mwaka 1986 walihesabiwa kuwa karibu asilimia 10 tu.

3. ILIVYOPOTEA TENA

Lau hadithi ingeishia hapo, somo letu lingekuwa jepesi. Lakini haikuishia hapo. Katika miaka ya 1980 nchi iliingia katika dhiki ya uchumi. Fedha za madarasa zikapungua, walimu wa kujitolea wakachoka, vitabu na magazeti ya vijijini yakaadimika. Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba waliojua kusoma na kuandika, katika watu wa miaka 15 na zaidi, walikuwa yapata asilimia 78. Yaani zaidi ya mmoja katika kila watano hakujua. Ni kweli kwamba mitihani ya kampeni na hesabu za sensa si kipimo kimoja, wala si haki kuzilinganisha nambari hizo kana kwamba zimetoka katika mzani mmoja. Hata hivyo maana yake haifichiki: ushindi haukulindwa.

Kwa nini? Kwa sababu kujua kusoma ni kama njia ya shambani. Ikipitwa kila siku hubaki wazi. Ikiachwa msimu mmoja nyasi huifunika. Mtu aliyefaulu mtihani wake, kisha akakaa miaka kumi pasipo gazeti, pasipo barua wala kitabu, hurudi alikotoka. Kosa halikuwa kwamba watu wazima hawawezi kujifunza. Walikwisha kuonyesha kwamba waweza. Kosa lilikuwa kudhani kwamba elimu ina siku ya mwisho.

4. MKOA ULIOJIFUNZA KWA MACHOZI

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Ugonjwa haukuwa na jina, watu wakauita "Juliana" kwa jina la kitambaa kilicholetwa na wachuuzi kutoka Uganda. Wengine walisema ni uchawi. Mwaka 1987, katika mji wa Bukoba, karibu watu wazima 24 katika kila 100 waliopimwa walikutwa na virusi. Wilayani Muleba walikuwa 10 katika kila 100.

Wakati huo hakukuwa na dawa ya kuwasaidia wanakijiji. Palikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni elimu: kujua ugonjwa huenea vipi, na kuyabadili maisha kwa ajili ya elimu hiyo. Elimu hiyo haikutolewa shuleni peke yake. Ilisemwa zahanatini, misikitini na makanisani, katika mikutano ya kijiji, na zaidi ya yote matangani, ambako watu walikusanyika kila juma. Bukoba mjini kiasi hicho kilishuka hadi 18 katika 100 mwaka 1993, na 13 mwaka 1996. Muleba kilishuka hadi karibu 7 mwaka 1996, na karibu 4 mwaka 1999. Hapana shaka vifo vingi navyo vilizipunguza hesabu hizo. Lakini watafiti waliona pia kwamba maambukizo mapya yalipungua na mienendo ya watu ilibadilika. Mkoa ulikuwa umejifunza. Na waliojifunza walikuwa watu wazima.

5. BIBI WA NSHAMBA

Hata hivyo deni la ugonjwa huo lilibaki, na Nshamba ni mahali pamoja panapotuonyesha deni lenyewe lilivyo. Katika nchi ya Wahaya elimu ya maisha ilipitishwa katika kibanja, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Baba alimwonyesha mwana kupogolea mbuni na kuchagua chipukizi la kuacha. Mama alimwonyesha binti aina za ndizi, ipi ya kupika na ipi ya kuivisha. Wazazi walipofariki katika umri wa nguvu zao, hawakuondoka na mishahara yao tu. Waliondoka na mafunzo ambayo hawakuwahi kuyatoa. Mnyororo ulikatika katikati. Pande mbili zilizobaki zilikuwa mjukuu na bibi.

Kwa ajili ya watoto hao ulianzishwa Nshamba, katika miaka ya 1990, mradi wa Humuliza, ambalo ni neno la Kihaya la kufariji. Ndani yake vijana yatima wenyewe walijiunga katika chama walichokiita Vijana Simama Imara, wakajifunza kusaidiana na kuendesha mambo yao. Kisha mwaka 2003 ukaanzishwa mradi wa Kwa Wazee, uliowapa wazee, wengi wao wakiwa mabibi wanaolea wajukuu, pensheni ndogo ya kila mwezi, na kuwakutanisha katika vikundi.

Fikiri, ndugu msomaji, juu ya bibi wa miaka sabini katika hali hiyo. Alidhani amemaliza kulea. Sasa yampasa kujifunza upya: dawa za mtoto mgonjwa hunywewa saa ngapi, barua ya shule yasema nini, fedha kidogo zagawanywaje kati ya chumvi, sabuni na madaftari, na namna ya kusema na mtoto mwenye huzuni ambayo hata yeye anayo. Zaidi ya hayo, yampasa kufundisha kibanjani kile ambacho mwanawe angefundisha. Yeye ni mwanafunzi na ni mwalimu kwa siku moja. Nani basi atathubutu kumwambia kwamba elimu si ya umri wake? Asipojifunza yeye, mtoto ndiye atakayelipa.

6. MGOMBA NA SHERIA

Mifano miwili mingine, ya shamba na ya haki.

Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliripotiwa mkoani Kagera, na Muleba ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopatwa mwanzo. Ugonjwa huu huletwa na bakteria. Majani hunyauka na kuwa manjano, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukiikata huonekana kahawia ndani. Ujuzi wa babu haukutosha, kwa kuwa babu hakuuona. Ilibidi mzee na kijana wajifunze pamoja mambo haya: kulivunja ua la kiume kwa mti wenye panda badala ya kulikata kwa kisu, kukipitisha kisu motoni au kukiosha kwa dawa ya kung'arisha nguo kabla ya kuhamia mgomba mwingine, kuung'oa mgomba mgonjwa, kutohamisha machipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa. Mtu mmoja akijifunza na jirani yake asijifunze, nyuki na wadudu watauvusha ugonjwa ng'ambo ya pili ya boma. Hapo twaona kwa nini twasema elimu ya mtu mmoja haitoshi, bali kijiji kizima kijifunze. Ndiyo sababu ya kuwapo kwa mashamba darasa mkoani humo, ambapo wakulima hukutana juu ya shamba moja, wakaangalia, wakapima, wakajadiliana.

Mfano wa pili watoka katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba. Mwanamke mmoja alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, naye mwaka 1988 akaliuza. Jamaa wa ukoo wakashitaki kwamba kwa desturi mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba desturi hiyo yapingana na Katiba, na kwamba mwanamke anayo haki sawa na mwanamume. Hukumu hiyo husomwa katika vyuo vya sheria vya nchi za mbali. Lakini mjane asiyeijua, hata akiwa anaishi kilima cha pili kutoka Kashasha, huishi kana kwamba haikutolewa kamwe. Haki isiyojulikana na mwenyewe ni kama fedha iliyozikwa ardhini.

7. HOJA NA MAJIBU

Hoja ya kwanza: Wahenga walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Mtu mzima amekwisha kukauka.

Jibu: Methali hii ni kweli kwa malezi ya mtoto, nasi hatuipingi. Lakini samaki anayekauka ni samaki aliyekufa. Binadamu, maadamu yu hai, si samaki wa kukaushwa. Tena wahenga hao hao walisema, "Kuuliza si ujinga," wala hawakuweka umri wa mwisho wa kuuliza.

Hoja ya pili: Kazi ni nyingi, hapana nafasi.

Jibu: Tumekwisha kuona kwamba elimu bora ya mtu mzima ni ile inayopita ndani ya kazi yake. Aliyejifunza kusoma kwa maneno ya mgomba hakuliacha shamba. Alilirudia akiwa na macho mapya.

Hoja ya tatu: Siku hizi simu ya mkononi inatupa kila kitu, madarasa ya nini?

Jibu: Simu ni chombo kizuri, naye aliye nacho amshukuru Mungu. Lakini simu huleta habari, na habari si elimu mpaka ipimwe. Katika ukurasa ule ule huletwa dawa ya kweli na dawa ya uongo, kwa sauti moja na kwa picha zinazofanana. Wale wa "Mtu ni Afya" walisikiliza, kisha wakajadiliana. Anayesikiliza pasipo wa kujadiliana naye hubebwa na kila upepo.

Hoja ya nne: Wazee wana mila zao, wao hawana la kutufundisha.

Jibu: Mwaka 1976 wazee wa Buhaya, ambao tanuri zao zilikuwa zimezimika kwa miaka mingi, waliombwa na mwanaakiolojia Peter Schmidt wajenge tanuri la kuyeyushia chuma kama la zamani zao. Wakakumbuka, wakajaribu, wakalijenga, wakayeyusha. Mwaka 1978 habari hiyo iliandikwa katika jarida la Science, na wataalamu wakastaajabia joto kubwa la tanuri hilo na ufundi wake wa kale. Lau wangeombwa miaka ishirini baadaye, nani angalikuwapo wa kukumbuka? Kumjongelea mzee na kumwuliza ni sehemu ya elimu isiyokoma, na mlango huo haukai wazi siku zote.

8. YATUPASA KUFANYA NINI?

Milango haikosekani. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza 1960 kama tawi la Chuo cha Makerere, imekuwa taasisi kamili kwa sheria ya 1975. Mwaka huo huo wa 1975 ndipo vilipoanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na Kagera ikapata chuo cha Gera na cha Rubondo. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kimemwezesha mtu kusoma pasipo kuacha kazi yake. Lakini mlango hauingii kwa mtu. Mtu ndiye huingia mlangoni. Kwa hiyo twashauri hivi:

(a) Anza na jambo unalolihitaji kesho, si lile litakalokupa sifa. Ukiwa mlezi, jifunze kusoma karatasi ya dawa. Ukiwa mkulima, jifunze mnyauko. Ukiwa mgeni katika dini, jifunze sala yako na maana yake, neno moja kwa siku.

(b) Tafuta mwenzi. Watu wanne chini ya mti mmoja, kwa siku na saa isiyobadilika, huendelea kuliko mtu mmoja mwenye kabati la vitabu.

(c) Soma kila siku, hata mistari kumi. Kumbuka ile njia ya shambani na nyasi zake.

(d) Mfundishe mwingine ulichokipata juma hilo. Wale mateka wa Badr hawakuwa mashehe. Walijua herufi tu, na kwa herufi hizo watoto wa Madina wakapata kalamu.

(e) Wewe uliye kiongozi wa kijiji, wa msikiti, wa ushirika au wa shule, usiache jengo lako likae tupu tangu saa kumi jioni. Lina viti, lina ubao, na nje yake wako watu.

Ndugu msomaji, tulianza kwa swali: "Nitaanzia wapi, na nitafika wapi?" La kwanza tumelijibu: utaanzia ulipo. Kuhusu la pili, jibu ni kwamba hutafika, na hiyo ndiyo neema yake. Elimu ni bahari, wala hapana aliyeivuka. Lakini kila anayetia mtumbwi majini huwaonyesha njia walio ufukoni, na nyumba ambayo ndani yake bibi na mjukuu wanasomeshana jioni, huyo herufi na yule kibanja, imekwisha kuwa shule, hata kama haina kibao mlangoni. Mwenyezi Mungu atuzidishie sote elimu yenye manufaa, na atupe moyo wa kuitenda. Amin.